Mpira wa Bomba la Tisa

Saa kumi na moja alfajiri, Salala, majira ya ukungu.
Mvua hainyeshi, imening'inia tu,
inalowesha kope za ng'ombe na nyaya za umeme.
Nimevaa buti nyeupe. Nimeshika kijiti cha pamba,
napangusa vyombo vya kukamulia
kama unavyomfuta mtoto uji mdomoni: taratibu, pembe zote.

Jana Biju alivilaza kwenye klorini dakika kumi,
akazihesabu kwa Kimalayalamu, asiibe hata moja.
Juzi ilikuwa iodini, ikatuachia vidole rangi ya chai.
Wiki iliyopita asidi ile inayonuka siki,
inayoliza macho kabla hujafungua kizibo.

Kwenye chupa ya maabara zote tatu ni mashujaa.
Unazimwaga juu ya bakteria milioni, unahesabu hadi thelathini,
kimya.
Muuzaji alikuja na suti kutoka Maskati,
akatuonyesha kimya hicho, akanywa kahawa, akaondoka.

Lakini chupa si zizi.
Sahani zilipotoka kwenye joto, siku ya pili,
chuma: safi.
Ndoo: vidoa viwili, vya kusamehewa.
Mpira wa bomba la tisa,
sikuhesabu. Mtu hahesabu ukoka.

Nikaukunja mpira ule chini ya taa.
Ufa, mwembamba kama uzi wa kanga uliochomoka,
na ndani yake ukoga wa njano, wa maziwa ya tangu lini.
Wamejenga humo, wameezeka, wana wajukuu,
na dawa yetu inawapitia
kama mvua juu ya bati:
kelele nje, ndani wamelala.

Bakhit bin Suheil, mwenye ng'ombe, akauliza,
"Basi niongeze dawa?"
Nikamwambia, ongeza brashi.
Maji ya vuguvugu kwanza, kisha sabuni ya moto, sugua, suuza,
ndipo umwage hiyo dawa yako.
Dawa haichimbi. Inaua inachokigusa, basi.

Akasema mama yake alifukiza vyungu kwa moshi wa kuni za mlimani,
na maziwa yalilala siku mbili bila kuchacha.
Kesho yake akaniletea chungu kimoja nikipime.
Kiko kabatini. Kijiti hakijakigusa.
Nikipita, nanusa tu.

Mpira mpya ni riyali mbili na nusu.
Nimeandika: tupa, badilisha.
Kisha nikafungua daftari la mwezi wa tano,
ukurasa wa bomba la tisa.
*Umekaguliwa. Hauna kasoro.*
Na saini chini yake, nene, yenye mkia mrefu.
Naijua ile saini.
Niliifanyia mazoezi tangu shule, nyuma ya madaftari.

Leo nimenawa mara tatu.
Hata chapati yangu inanuka klorini.