Mlio wa Sarafu

Tugdual ameshaipangusa boti.
Mpira wa kijivu unameta kwa mafuta,
nami najua: cha kale kikimeta hivi
kuna mtu hakulala.

Februari, Douarnenez, manyunyu.
Naomba ndoo, sabuni, sifongo.
Napaka maungio ya mirija polepole
kama ninayeogesha mtoto wa jirani.
Povu linatulia. Linatulia.
Kwenye kishikio cha kushoto
linaanza kunong'ona, vipovu vidogo vidogo.
"Kiraka tu hicho," asema. Sijibu.

Natoa sarafu ya yuro mbili,
nagonga ubao wa nyuma, mbeba injini:
ko, ko, ko,
kisha bu.
Narudia palepale. Bu.
Uzuri wa mkakasi. Maji yamekula mbao humo
miaka ishirini na mitatu, bila haraka.

"Injini haijawashwa tangu Oktoba,"
aliniambia kwenye simu.
Naweka kiganja juu ya kifuniko.
Kina joto, kama kiti kilichoachwa sasa hivi.

Tunatazamana. Masikio yanamwiva.
"Ikiwa baridi hugoma," asema.
"Soazig ndiye aliyeijulia.
Mimi naivuta tu."

Nilikuja na elfu nne kwenye bahasha.
Nahesabu elfu moja na mia mbili:
trela, na mpira ulio hai.
Anapokea, hahesabu.
Ila anaomba ile kamba nyekundu ya kuzimia,
yenye fundo alilolifunga marehemu.

Bila kamba hiyo injini haiwaki.
Naichomoa, nampa.
Nitanunua nyingine.