Daftari la Redio Mzinga

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa,
kwa hiyo huu nausimulia kutoka kichwani:
wati ishirini, na ghala la tumbaku
lililoachwa na Chama cha Msingi bila mlango.
Mihambo alipozungumza hewani
watu walidai sauti yake inanuka moshi.
Trei za mayai tulizipigilia ukutani, mia mbili na kumi,
nyingine zikiwa bado na manyoya.
Antena tuliifunga juu ya mninga.

Siku ile ile Nkwabi akapanda baiskeli,
redio ya betri mbili imefungwa kwenye keria kwa mpira,
akaifuata barabara ya Sikonge
kutafuta mahali sauti inapofia.
Ilifia ng'ambo kidogo ya daraja.
Akarudi hatua tatu: ipo.
Akasogea hatua tatu: haipo.
Akaweka jiwe.

Jioni za mwaka ule watu wa ng'ambo
walikuja na vigoda vyao hadi kwenye jiwe,
wakakaa, wakasikiliza bei ya asali,
ng'ombe waliopotea, misiba,
na salamu. Hasa salamu.
Kadi moja shilingi mia mbili:
"Mimi Kapela wa mzani, nikiwa hapa hapa mzanini,
zimfikie Nyamizi msuka vikapu popote alipo,
ujumbe: deni nalikumbuka."
Tulizisoma zote, hata zenye ugomvi ndani yake.
Kadi hizo ndizo zilizonunua dizeli.

Ukurasa wa thelathini na moja. Radi.
Mtambo ukayeyuka kama nta.
Siku arobaini na nne hatukusema kitu,
nami nikajua kwamba kimya kina wadai wengi:
walikuja mlangoni hata usiku,
kuniuliza mimi, mweka hazina, nani amekufa.
Mheshimiwa mmoja akaleta mtambo mpya juu ya pikapu,
ukiwa bado ndani ya nailoni,
akaomba saa moja tu ya kuongea, kila jioni.
Tukapiga kura kwa punje za mahindi,
nyeupe ndiyo, za njano hapana.
Pikapu ikaondoka na mzigo wake.
Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimetia nyeupe.

Halafu wakaanza kuja. Naandika kama walivyoleta.
Madebe mawili ya asali, moja lina nyuki waliokufa.
Mpunga nusu gunia, Mama Mlekwa, "si mkopo."
Jogoo. Akatoroka, akakamatwa, akauzwa.
Shilingi elfu moja mia tano, darasa la sita,
zote sarafu, zote zina jasho.
Fundi Luhende, siku tisa za kazi, hata chai hakutaka.
Jina halisomeki, betri moja iliyokwisha tumika.
Nayo niliiandika.

Leo tuna mnara wa chuma na wati mia tano,
wasichana wawili wanaosoma habari kwa Kinyamwezi bila kukwama,
na simu zinaita kutoka vijiji nisivyozijua njia zake.
Nkwabi hawezi tena kuutafuta mwisho kwa baiskeli.
Jiwe lipo. Mtu amelipaka chokaa.
Watoto hulikalia wakingoja mbuzi wavuke.

Ila bonde la Wande Kasanda halishiki.
Kilima kinairusha sauti juu ya paa lake
kama mtu anavyoruka mfereji.
Miaka kumi na moja anatuletea chupa ya asali kila msimu,
na hajawahi kutusikia.
Mwaka jana nilimfuata nimrudishie. Niliona aibu.
Alikuwa akipepeta ulezi, hakuacha.
"Ndama wangu alipopotea, mlimtangaza?"
Tulimtangaza.
"Mimi nilisikia?"
Hukusikia.
"Na ndama yuko wapi?"

Alikuwa nyuma yangu, ng'ombe mzima sasa,
anatafuna pindo la khanga yangu.
Nikalivuta. Nikafungua daftari gotini,
nikaandika: chupa moja, imejaa.