Miche Tisa

Naanza na mti niliouua mwenyewe:
mjafari wa njia ya Goshi,
shina lenye vinundu kama chuchu za mbwa anyonyeshaye.
Niliuvua gome kiunoni, mzunguko mzima,
kwa kuwa masika ya mwaka ule yalileta vifua
na sokoni Malindi kila mwenye kikohozi alinijua kwa jina.
Magunia mawili. Nikanunua bati.
Miezi sita baadaye ulisimama miiba mitupu,
hata siafu wameuhama.
Bati lingalipo. Likinyeshewa, husema.

Basi sasa nina kitalu nyuma ya jiko, hapa Kakuyuni:
pakiti za maziwa nilizozitoboa chini,
kivuli cha makuti, ndoo moja yenye ufa.
Msubili haunisumbui, ukiutupa jalalani huota.
Kivumbasi kimeshavuka ua, kinaishi kwa jirani.
Mjafari ndio wenye kinyongo.
Mbegu zake nyeusi, zang'aa kama macho ya panya:
nilizipanda Machi, kimya.
Nikazisugua kwa mchanga, nikaziloweka siku tatu,
kimya.
Thoya, mume wangu, akasema,
"Umemuua mama, wataka watoto wakujie?"
Nilicheka. Usiku sikulala.

Ni Nyevu, kitinda mimba wangu,
aliyekuwa akifagia chini ya kamba ya nguo:
"Mama, kuna vimiiba huku."
Kumi na mmoja. Niliihesabu miche nimepiga magoti.
Pale ndipo shore hutua asubuhi
na kuyachafua mashuka yangu,
nami huwatukana, huwarushia vigae,
kumbe wanazipitisha mbegu tumboni,
mahali ambapo uganga wangu haufiki.

Tangu siku ile mashuka nayaanika kwengine.

Jana kaja mtu wa mjini, ana gari, anakohoa.
Ataka gome. Nikampa majani ya mti wa shangazi,
nikamweleza ayachemshe vipi.
"Majani ni ya mbuzi," akasema.
Nikamwambia arudi baada ya miaka minane:
nitamkatia ukanda wa vidole viwili, upande wa mawio,
na jeraha nitalipaka udongo akiniona.
Alifunga mlango wa gari kwa kishindo.

Lakini kuhusu mbuzi hakukosea.
Wa jirani ameingia alfajiri, amekula miwili.
Imebaki tisa.
Nimekata matawi ya mgunga, nazungushia ua,
kisha mbio na ndoo
kabla ufa haujanimalizia maji.