Mwandiko wa Dadi

Siku ya dhamana karani alinisogezea kidau cha wino.
"Weka dole hapa, mama."
Nikabonyeza. Likatoka doa, halina mistari.
Nikafuta kwa kanga, nikabonyeza tena.
"Mama, wewe huna alama?"
Ninazo, mwanangu. Zimebaki kwenye maganda,
miaka kumi na tisa ya kubangua korosho za watu.
Mafuta yake yanakula ngozi kabla wewe hujala.

Dadi ndiye mwenye alama.
Tangu darasa la tatu y yake ina mkia
unaojikunja chini kama ndoana.
Mtaa mzima unamjua kwa mkia huo:
barua za posa, maombi ya kazi,
majina ya marehemu kwenye vibao.
Alifaulu kidato cha sita. Chuo kikamwita,
mkopo haukumwita.
Akarudi Newala kuuza maji ya ndoo kwa baiskeli.

Ndipo Bwana Abilahi Likwembe akaja kwetu
na kilo mbili za sukari.
Huyu huyu wa kangomba, aliyetupimia msimu kwa msimu
kwa kopo lililogongwa nyundo kitako ili lishibe zaidi.
Akakaa mkekani, viatu mguuni.
"Shazili wangu kichwa kinamuuma akiona hesabu.
Kijana wako anisaidie siku chache tu."
Hakusema kuiba. Alisema kusaidia.
Hakusema laki tisa mpaka alipofika mlangoni.

Sikumzuia Dadi.
Hilo nalo liandikwe.
Usiku ule nilikuwa nikihesabu nyota kupitia nyasi za paa.

Mabati ishirini na mbili, geji thelathini.
Mvua ya kwanza ilipoyapiga
nililala usingizi wa mtu aliyelipwa deni.

Ni ule mkia uliowakamatisha.
Mtaalamu wa miandiko alitoka Dar es Salaam
akaweka karatasi mbili mezani,
moja ina jina la mwanangu, moja ina jina la mwanawe,
na ndoana zile zile zimening'inia kote.

Bombani watu waligombana wiki nzima.
"Afungwe tajiri, aoge kwa zamu!"
"Baba gani asiyemtakia mema mwanawe?"
Mmoja akanigeukia. Nikainamia ndoo.
Na mimi nilimtakia wangu.

Hakimu alisoma polepole:
mshtakiwa wa kwanza, faini milioni tatu
au jela miaka miwili;
mshtakiwa wa pili, hivyo hivyo.
Hakumpendelea mtu.
Aliwapima wote kwa kopo moja.

Bwana Abilahi alilipa kabla ya adhana ya adhuhuri
na akadai risiti.
Dadi akapandishwa gari la Lilungu
na shati lile lile alilovaa kwenye chumba cha mtihani.

Nilimwita fundi. Akapanda, akagonga hapa, akagonga pale.
"Yana matundu ya misumari, mama.
Laki tatu na nusu, hapo nimekuhurumia."
Milioni tatu, basi, ni paa nane na nusu.
Ninalo moja.

Siku hizi Shazili anakaa dukani kwa baba yake.
Nikienda kununua sabuni hapokei hela.
Naiacha juu ya kaunta,
anaitazama kama swali la pili, sehemu b.

Jumapili nilishuka hadi Lilungu.
Askari wa lango akanichangamkia:
"Wewe ndiye mama yake mwandishi?"
Kumbe wafungwa wanapanga foleni awaandikie rufaa,
wa bangi, wa ugomvi wa mipaka,
na kijana mmoja aliyeiba magunia mawili ya korosho
ambaye hakupewa nafasi ya faini.
Karatasi zinapanda kwa majaji, mkia ule ule kila mstari,
na wawili tayari wamerudi makwao.

Yake bado hajaiandika.
Anasema anatafuta sentensi ya kwanza.