Bahasha Namba Arobaini na Moja

Mwezi wa tisa Sikonge haina tone.
Kamba ya kisima inaishia hewani,
vumbi la malori ya tumbaku limekaa juu ya kila kitu,
hata juu ya Biblia iliyofungwa.
Na katika mwezi huo huo, Bwana,
miyombo inachipua:
majani mekundu, laini kama sikio la ndama,
kabla ya wingu, kabla ya radi,
kabla mtu yeyote hajaomba mvua.

Nianzie hapo, maana kushukuru sikukujua.
Nilijua kuhesabu kabla ya kusali:
madumu ya asali, mia juu ya mia.
Ndiyo maana wakanipa sanduku la kanisa.
"Kasanda ana mkono mzuri," walisema,
na mkono mzuri ukazikunja fedha za bati,
bati mia na ishirini,
ukazitia ndani ya soksi,
ukapanda treni ya Kigoma usiku
bila kumuaga Mgole
aliyelala na mtoto ubavuni.

Miaka saba Ujiji.
Niliuza mawese kwa kipimo cha uongo.
Nilikula, nikashiba, nikakonda.
Jumapili nilishuka ziwani kufua nguo
ili kishindo cha maji kinizibe masikio,
lakini nilisikia tu, toka mbali kote huko,
kile kipande cha reli
anachokigonga Mzee Shitobelo chini ya mtundu wetu.

Hakuna malaika aliyenitokea. Niseme kweli.
Niliugua homa, nikapona bila dawa ya maana,
nikaona aibu kupona.
Nikarudi kwa treni ile ile,
na maneno ya toba niliyoyakariri toka Uvinza hadi Kaliua
yakanitoka yote kichwani stesheni ya Tabora,
mbele ya muuza karanga.

Kanisa lilikuwa na bati.
Mhazini mpya hakunipigia kelele.
Alifungua daftari la ahadi,
akaweka kidole kwenye namba yangu.
Nilitazamia mstari mwekundu.
Januari, imelipwa. Februari, imelipwa.
Miaka saba, mwezi kwa mwezi,
jina langu, mwandiko si wangu.
Mwaka wa njaa: shilingi mia mbili.
Imelipwa.
"Nani?"
"Bahasha huja na jina lako," alisema. "Sisi hupokea."

Nilimuuliza Mgole. Akaendelea kupepeta.
Nilimuuliza Mzee Shitobelo. Akasema
kengele inahitaji kamba mpya.
Basi nikanunua kamba.

Fedha za bati nimezirudisha, Bwana,
debe kwa debe la asali, misimu sita.
Hilo lilikuwa deni, na deni lina mwisho.
Lakini zile bahasha nizilipe wapi?
Kila nikidhani nimegusa chini ya kisima chako
kamba inazidi kushuka,
na ndoo inarudi na maji.

Bado mimi ni mimi.
Juzi sokoni kidole changu kiliegemea mizani;
nikakiondoa, nikatazama huku na huku kama mwizi
kwa kosa ambalo sikulimaliza.
Bado Mgole, nikichelewa, hulala jicho moja mlangoni.
Ana haki.
Na bado kunakucha, nami nimo
miongoni mwa wanaoamshwa.
Hujanichoka. Mimi mwenyewe nilishajichoka zamani.

Kijana wa Kapufi alitoroka mwezi wa nne
na betri ya spika za kwaya.
Namba yake ni sitini na nane.
Sisemi zaidi.

Leo nimeingia msituni kukagua mizinga.
Ardhi imepasuka, nyuki wana hasira,
na juu ya kichwa changu matawi yote
yamevaa wekundu ule ule.
Mvua bado.
Nimevua kofia.