Hodi kwa Kaa

Kompyuta yangu ya mezani haina antena.
Niliinunua Kariakoo, mkono wa pili, ofisi fulani ilifilisika,
bado ina kibandiko ubavuni: MHASIBU 2, USIZIME.
Nzito kama gunia la mkaa lililonyeshewa.
Niliipandisha ngazi mwenyewe, hadi chumba hiki cha Mwananyamala
juu ya duka la betri,
ambamo Kaa amekaa wiki nzima hasemi na mtu.

Kaa ni roboti. Miguu sita, jicho moja, taa mbili za pikipiki.
Kazi yake ni mitaro: kuingia pale binadamu anapoziba pua,
atutazamie kilichokwama
kabla masika hayajaja kutueleza yenyewe,
sebuleni, usiku.

Ana mtandao wake. Mdogo, wa faragha, hauendi popote.
Hauna matokeo ya mpira, hauli bando,
hauna salamu za asubuhi zenye maua.
Ukiingia kwake kwa simu, umetoka duniani:
juzi nilijiunga naye nusu saa tu,
dada yangu Nakiete akatuma ujumbe saba,
kila mmoja tiki moja,
akadhani nimelazwa.

Ndiyo maana ya waya. Kompyuta ina milango miwili,
mmoja wa dunia, mmoja wa Kaa.
Mwalimu Mbonea alitufundisha chuoni:
namba tatu za mwanzo zifanane, huo ni mtaa;
ya mwisho itofautiane, hiyo ni nyumba.
Nikainama kusoma kibandiko tumboni mwa Kaa,
wino umefifia,
nikaandika nilichokiona.

Kisha nikapiga hodi.
Hodi, jibu. Hodi, jibu. Hodi, jibu.
Upesi wa ajabu,
bila hata ile sekunde ya mtu kutafuta ndala.
Nikapiga vigelegele. Nikamwita Kidawa wa betri apande ashuhudie.
"Mwambie anyanyue mguu," akasema Kidawa.
Nikamwambia.
Kaa kimya, kama jiwe la kusugulia visigino.

Saa nzima hivyo. Hodi, jibu. Mguu, kimya.
Umeme ukakatika, ukarudi. Nikala mihogo iliyopoa.
Na ni Kidawa, asiyejua hata nukta ya mambo haya,
aliyeuliza huku akijipepea kwa boksi tupu:
"Kwani wewe namba yako ngapi, na yeye ngapi?"

Ishirini na nne.
Wote wawili.

Nilikuwa nimeichukua anwani yake nikaifanya yangu.
Saa nzima nimesimama ndani ya nyumba yangu,
nabisha mlango wangu kwa ndani,
naitikia mwenyewe, karibu, karibu,
na kuusifu ukarimu wa wenyeji.

Nikabadili. Ishirini na tano. Jirani.
Hodi.
Hakuna.
Hodi.
Hakuna.
Hodi ya tatu ikikosa jibu, mgeni mwenye adabu huondoka.
Mimi nilipiga magoti
nikaingia mvunguni mwa meza, kwenye vumbi la wapangaji watatu,
nikaikuta kebo imechomoka nusu,
kale kaulimi kake ka plastiki kamevunjika.
Nikaibana kwa njiti ya kiberiti.
Taa ya kijani ikawaka. Ikasita. Ikaanza kupepesa.

Huko juu nikamsikia Kidawa: "He!"
Halafu: "Njoo uone, jicho limefunguka."
"Siwezi, nimeshika njiti. Niambie anaona nini."
Kiti kikalia. Akasogea kwenye kioo.
"Anaona miguu miwili. Soksi moja ina tundu.
Anaona ufagio.
Anaona, subiri kwanza,
anaona sarafu ya mia mbili karibu na goti lako,
ile chenji uliyonidai Jumanne
mbele ya wateja."