Kimya cha Liwale

Zamani nguzo zililiwa na mchwa,
Mbwemkuru ukifurika, waya ulikwenda na maji.
Sasa nyuma ya posta pana sahani nyeupe,
ungo wa kupepetea ufuta haufui dafu,
imekodolea mbingu kama iliyoisusa wilaya nzima.

Bi Somoe kashika mkono wa simu:
"Ngwale, mwanangu, hujambo?"

Kimya.

"Kanikasirikia."
"La," asema Mtanda wa mitambo,
"sauti hupanda kwanza kwenye setilaiti yetu,
ndipo ishuke Mwanza."

Akakihesabu kimya kile kwa vidole;
hakikutimia hata kimoja.

Siku hizi akishauliza hunyamaza mwenyewe,
jicho darini,
kama aliyemtuma mtoto dukani
na chenji anaijua.